Mama anaanguka chali, na majibu ya MRI yanasema ni uzee tu

SWALI

Salaam kwenu nyote wa safu hii.

Mama yangu ana miaka 66. Miezi 14 iliyopita alianza kuanguka, na si kuanguka kwa kujikwaa. Anakuwa amesimama wima, anageuka kuchukua kitu, mara anakwenda chali kama ubao. Hanyooshi hata mkono kujikinga. Kisogo kimeshonwa mara mbili.

Baadaye akaanza kulalamika kwamba haoni vizuri. Daktari wa macho akasema macho ni mazima, akampa miwani ya lenzi mbili, ya mbali juu na ya karibu chini. Tangu aivae, kushuka ngazi kumekuwa balaa. Akila, chakula kinamwagikia kifuani kwa sababu haangalii sahani. Uso umekakamaa kama wa mtu aliyeshtushwa, na sauti imekuwa ya kukwaruza. Kinachonichosha zaidi ni hiki: nikimwambia asiinuke mpaka nije, anaitikia vizuri kabisa, halafu kabla sijafika mlangoni ameshainuka.

Daktari wa kwanza alisema ni Parkinson. Akaandika levodopa miligramu 100 mara tatu kwa siku. Wiki 3 zikapita bila mabadiliko, dawa ikasimamishwa. Tukafanya MRI, na majibu yanasomeka hivi: “Ubongo umesinyaa kiasi kinacholingana na umri. Ventrikali zimetanuka kidogo. Ubongo wa kati umepungua kidogo. Hakuna kiharusi, hakuna uvimbe. Hitimisho: mabadiliko ya uzee.” Daktari wa pili alipoona neno ventrikali, yaani vyumba vya maji ndani ya ubongo, akasema huenda ni maji kichwani, na kwamba kuna upasuaji wa kuweka mrija wa kuyatoa. Kaka yangu anataka ufanyike mara moja. Mimi nasita.

Je, picha hiyo inasema kitu au haisemi? Tukubali upasuaji? Nyumbani nifanye nini ili asivunjike? Na sisi watoto, tutaurithi?

Ni mimi, binti anayeuguza.

JIBU

Dada, pole sana kwa kuuguza.

Kila daktari aliyemwona mama yako alionyeshwa kipande. Wa macho aliambiwa haoni, wa Parkinson akaona mwili mkavu, wa tatu akashika neno moja la kwenye karatasi. Wewe umeviweka vyote kwenye ukurasa mmoja. Kuanguka chali ndani ya mwaka wa kwanza, macho yasiyoshuka, uso wa mshtuko, sauti ya kukwaruza, kuinuka bila kufikiri, na levodopa isiyogusa kitu: mkusanyiko huo una jina. Barua haipimi mgonjwa, lakini ugonjwa ambao daktari bingwa wa mishipa ya fahamu anapaswa kuuthibitisha au kuufuta ni ule unaoitwa hospitalini kwa herufi PSP. Herufi hizo zinasimamia maneno marefu ya Kiingereza yenye maana hii: kupooza kunakozidi taratibu, ambako chanzo chake kiko juu ya viini vya neva za macho. Vitabu vingine huuita ugonjwa wa Steele-Richardson-Olszewski, kwa majina ya madaktari watatu wa Toronto, Kanada, walioeleza wagonjwa 9 mwaka 1964.

Ni ugonjwa adimu, watu 5 hadi 7 hivi katika kila 100,000, na kwa kawaida huanza watu wakiwa na miaka sitini na kitu. Protini iitwayo tau, ambayo ubongo wowote unayo, hujikunja vibaya na kurundikana ndani ya seli, hasa kwenye shina la ubongo na viini vilivyo ndani kabisa, na seli hizo hufa. Mwigizaji na mpiga piano Mwingereza Dudley Moore alitangaza mwaka 1999 kwamba anao. Kabla ya hapo watu walidhani mwendo wake na usemi wake ni pombe. Akafariki mwaka 2002.

Tuanze na macho, kwa sababu hapo ndipo jibu lilipojificha. Daktari wa macho hakukosea aliposema macho ni mazima. Mboni, misuli na neva zinazoivuta misuli hiyo vinaweza kuwa sawa kabisa. Kilichoharibika ni amri inayotoka juu. Kituo kinachoagiza macho yapande na yashuke kiko sehemu ya juu ya ubongo wa kati; kile cha kushoto na kulia kiko chini yake, kwenye sehemu ya shina la ubongo iitwayo ponsi. PSP huanza kula ubongo wa kati. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kukufuata kwa macho ukivuka chumba, lakini hawezi kuangalia viatu vyake. Daktari anaweza kulithibitisha palepale: anamwambia mama akazie macho kitu kilicho mbele yake, kisha anamwinua kidevu taratibu. Kichwa kikienda juu na macho yakabaki kwenye kile kitu, maana yake yameshuka ndani ya tundu zake, wakati mama mwenyewe akiombwa ayashushe hawezi. Hapo unajua mashine ni nzima, anayeiendesha ndiye mgonjwa.

Kabla macho hayajakwama kabisa, kuna hatua inayopita bila kuonekana: yanakuwa mazito. Unaweza kuirekodi nyumbani kwa simu. Mketishe kwenye mwanga mzuri, mtu mwingine ashike kalamu mbili mbele yake kiasi cha urefu wa mkono, moja juu ya usawa wa macho na nyingine chini. Mwambie aruke kwa macho kutoka kalamu ya juu hadi ya chini, mara 10, bila kusogeza kichwa. Kisha kalamu mbili za kushoto na kulia, vivyo hivyo. Usitazame yanafika wapi, tazama kasi. Macho ya mtu mzima mwenye afya huruka kiasi kwamba huoni safari yenyewe. Kwenye PSP unaiona safari ya juu na chini: yanateleza, au yanapita kwa upinde pembeni badala ya kunyooka, huku ya kushoto na kulia bado yana wepesi. Usihukumu kwa kutazama juu peke yake, maana wazee wengi wenye afya nao hupungukiwa hapo. Kushuka ndiko kunakosema zaidi.

Kwenye video hiyohiyo, hesabu anapepesa macho mara ngapi kwa dakika moja akiwa ametulia. Wengi wetu tunapita 15. Ukihesabu 3 au 4, mwonyeshe daktari. Mwombe pia apige makofi matatu, matatu tu. Wagonjwa wengi wa PSP huendelea, manne, matano, saba, kwa sababu breki ya sehemu ya mbele ya ubongo imelegea. Kipimo hicho hakitoshi peke yake, kwani magonjwa mengine pia hukifanya, ila kinakueleza kwa nini anainuka baada ya kuitikia. Si ukaidi, dada. Maneno yako ameyaelewa. Kinachokosekana ni kile kinachomzuia mtu asitende. Kuna kipimo kimoja usikijaribu nyumbani: kumvuta mabega kwa nyuma uone kama atajishikiza. Hicho ni cha daktari anayesimama nyuma yake tayari kumdaka.

Sasa picha. Majibu mliyopewa yana sentensi moja yenye thamani, imebanwa katikati ya maneno ya kawaida: “ubongo wa kati umepungua kidogo.” Uzee husinyaza sehemu nyingi za ubongo kidogokidogo. Kwa kawaida hauupunguzi sana ubongo wa kati na kuiacha ponsi iliyo chini yake ikiwa nono. Kwa hiyo neno “kidogo” halitoshi, na neno “uzee” limewekwa mapema mno. Kinachotakiwa ni namba.

Ombeni diski yenye picha zote, si karatasi ya majibu tu, mpeleke kwa mtaalamu wa radiolojia aliyezoea ubongo. Picha anayoitaka ni ya T1, aina mojawapo ya picha za MRI, iliyokatwa katikati kabisa ya kichwa, kutoka pua hadi kisogo. Kwenye picha hiyo ubongo wa kati wa mtu mwenye afya una mgongo ulioumuka kwenda juu. Kwenye PSP mgongo huo hubapa, kisha hubonyea ndani. Ponsi hubaki na tumbo lake la duara, na ncha ya mbele ya ubongo wa kati huchongoka. Umbo linalotokea linafanana na ndege mvumaji wa Amerika, yule mdogo wa kunyonya maua anayefanana na ndege wetu aitwaye chozi: kichwa na mdomo mrefu mwembamba juu, mwili mnene chini. Wataalamu wengine huliona pengwini. Ukitazama picha iliyokatwa kwa mlalo, kingo za pembeni za ubongo wa kati, ambazo zilipaswa kuumuka, zimeingia ndani.

Jicho hudanganyika, hasa ugonjwa ukiwa mchanga, kwa hiyo pimeni. Njia nyepesi ni ya mwaka 2013: mtaalamu anachora duara refu kama yai kuzunguka ubongo wa kati na jingine kuzunguka ponsi kwenye picha ileile ya katikati, halafu anapima upana wa kila yai kwa mstari unaokata urefu wake kwa pembe mraba. Ubongo wa kati chini ya milimita 9.35, au uwiano wake na ponsi chini ya 0.52, huelekeza kwa nguvu kwenye PSP. Wengine hupima eneo: kwenye utafiti wa mwaka 2005 watu wenye afya walikuwa na wastani wa karibu milimita za mraba 118, wenye Parkinson 103, na wenye PSP 56. Ipo pia fahirisi inayotumia sehemu nne. Eneo la ponsi hugawanywa kwa eneo la ubongo wa kati, kisha jibu huzidishwa kwa upana wa shina la kati la serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni, uliogawanywa kwa upana wa shina la juu la serebela. Shina hilo la juu nalo hukonda kwenye PSP, ndiyo maana jibu hupanda. Mpaka uliopendekezwa mwaka 2008 ni 13.55, ukiuvuka, Parkinson ya kawaida inakuwa mbali.

Vipimo hivi huharibika kwa sababu za kijinga kabisa. Kichwa kikiwa kimepinda kidogo ndani ya mashine, mkato unaodaiwa kuwa wa katikati unapita pembeni, unachukua nyama ya miguu ya ubongo wa kati, na ubongo wa kati unaonekana mnene kuliko ulivyo. Vipande vyenye unene wa milimita 5 huchanganya kingo. Kinachofaa ni picha ya pande tatu yenye vipande vya milimita 1 hivi, ambayo mtaalamu anaweza kuigeuza kwenye kompyuta mpaka apate katikati halisi. Kama diski yenu haina picha hiyo, hapo kurudia MRI kuna maana. CT, yaani picha ya eksirei ya kompyuta, haifai kwa kazi hii, kwani shina la ubongo hufunikwa na mikwaruzo ya mifupa ya fuvu. Na mkishauriwa kipimo cha mionzi cha DaT, kinachoangalia dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea, ulizeni kwanza kitabadilisha uamuzi gani: hutoka kibaya kwenye Parkinson na kwenye PSP vilevile, kwa hiyo hakitenganishi hayo mawili.

Hata namba zikitoka nzuri, msifute PSP kwa sababu hiyo. Kwa wagonjwa wengine ubongo wa kati huchelewa kusinyaa kuliko dalili. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2017 vinaiweka MRI kwenye ushahidi wa kuunga mkono tu. Msingi ni macho, kuanguka, mwili kuwa mzito, na mabadiliko ya fikra na tabia. Mtu aliyeanza dalili akiwa na miaka 40 au zaidi, hali inayozidi taratibu, macho yakiwa mazito kupanda na kushuka, na aliyeanguka mara kwa mara bila sababu ndani ya miaka 3 ya mwanzo, anafikia kiwango cha “inaelekea ni PSP” kabla hata filamu haijafunguliwa. Uthibitisho kamili hupatikana kwa kuchunguza ubongo wenyewe baada ya kifo, na hakuna kipimo cha damu cha kuuchukulia nafasi.

Kuhusu upasuaji, usite peke yako. Sita pamoja na kaka yako. Maji kichwani ya wazee, ambayo presha yake hukutwa ya kawaida, ni ugonjwa wa kweli na mrija husaidia baadhi ya wagonjwa. Lakini neno “zimetanuka kidogo” si sababu ya kutoboa fuvu. PSP nayo hutanua ventrikali ya tatu kwa sababu nyama inayoizunguka imepungua, maji yanajaza nafasi iliyoachwa. Ulizeni mambo matatu. La kwanza ni fahirisi ya Evans: upana mkubwa wa pembe za mbele za ventrikali ukigawanywa kwa upana mkubwa wa ndani ya fuvu kwenye picha ileile. Isipozidi 0.3, hoja ya maji inakosa miguu. La pili ni pembe ya kolosamu, daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo, kwenye picha iliyokatwa kutoka sikio hadi sikio: kwenye maji kichwani huwa kali, kwa kawaida chini ya nyuzi 90, na mifereji ya utosini inakuwa imebanwa huku ya pembeni imetanuka. La tatu ni jaribio la kutoa maji ya uti wa mgongo, mililita 30 hadi 50, mwendo ukipimwa kwa saa na kurekodiwa kabla na baada. Mwendo usipobadilika, matumaini ya mrija hupungua, ingawa hayafutiki kabisa. Kuna mtego hapa ambao daktari mzuri ataujua: ventrikali ya tatu iliyojaa inaweza kuugandamiza ubongo wa kati kutoka juu na kuuchonga umbo linalofanana na ndege yule. Ndiyo maana macho yana uzito kuliko filamu. Maji kichwani hayafanyi macho yashindwe kushuka namna unavyoeleza.

Daktari pia apitie mambo yanayoiga PSP na yana tiba au jina jingine. Orodha ya dawa zote alizotumia mama mwaka uliopita ni ya kwanza, hasa za kichefuchefu na za akili, maana metoklopramidi, proklorperazini na haloperidoli huziba dopamini na zinaweza kumkausha mwili mtu asiye na ugonjwa wowote. Kama kweli ana PSP, dawa hizo asipewe tena. Andika majina yake kwenye kadi na umwonyeshe kila anayemtibu. Ugonjwa wa Whipple, unaoletwa na bakteria, hupooza macho kwa namna hii pia, na hutibiwa kwa antibayotiki; kukonda, kuharisha na maumivu ya viungo vinapaswa kuulizwa. Presha inayoporomoka sana akisimama, au kuona vitu visivyokuwepo mapema, huelekeza kwingine.

Levodopa mliyojaribu haikuwa jaribio. Miligramu 300 kwa siku kwa wiki 3 haziwezi kusema kitu. Kabla ya kutamka kwamba dawa imeshindwa, dozi hupandishwa polepole hadi miligramu 1000 kwa siku, zikigawanywa, ikiwa mgonjwa anaivumilia, na hubaki hapo angalau mwezi mmoja. Aina moja ya PSP inayofanana sana na Parkinson huitikia kiasi kwa muda. Isiposaidia, ipunguzwe hatua kwa hatua. Kuikata ghafla ni hatari. Amantadini, dawa nyingine ya Parkinson, huwasaidia wachache na huwachanganya akili wengine. Hakuna dawa inayousimamisha ugonjwa wenyewe, na yeyote anayewauzia ya kuuponya anawaibia.

Kwa hiyo kazi kubwa iko nyumbani, na ianze na miwani. Lenzi mbili zinamtaka mtu ateremshe macho kwenye kipande cha chini, jambo ambalo mama hawezi. Akishuka ngazi, kile kidogo anachokiona chini kinakuja kupitia lenzi ya kusomea na kumpa ngazi zenye ukungu. Apate miwani miwili tofauti, ya mbali na ya kusomea, na ya kusomea isivaliwe akitembea. Lenzi za prizimu, zinazopandisha taswira ya vitu vya chini, huwafaa baadhi ya watu wakiwa wameketi kula au kusoma. Kwa kuwa hapepesi, macho hukauka na kuwasha: matone ya machozi ya bandia mara 4 kwa siku au zaidi, na miwani ya jua nje. Siku akishindwa kufumbua kope ingawa yuko macho, msidhani amesinzia. Kuna sindano ya botulinamu inayochomwa pembeni mwa kope na kurudiwa kila miezi 3 hivi.

Kuanguka kwake hutokea sehemu tatu: akiinuka, akigeuka, na akinyoosha mkono kufikia kitu cha juu. Vitu anavyovitumia vishushwe vyote kati ya kiuno na mabega. Kiti kiwe kigumu, kizito, chenye mikono, na kiti cha chini kilaini kiondoke kabisa. Kuinuka kufanywe hivi kila mara: asogee ukingoni, miguu arudishe nyuma hadi visigino viwe chini ya magoti, mikono kwenye mikono ya kiti, kisha ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume. Asipoinama hivyo, uzito unabaki nyuma na anarudi chali. Kuketi ni kinyume chake: kwanza asikie ukingo wa kiti kwa nyuma ya miguu, ashike mikono ya kiti, ndipo ashuke. Wagonjwa hawa hujitupa kitini, na uti wa mgongo wa mzee huvunjika kwa pigo la namna hiyo.

Akigeuka, asizunguke papo kwa papo. Atembee nusu duara pana. Anayemsindikiza akae ubavuni, nyuma kidogo, mkono mmoja kwenye mkanda mpana uliofungwa kiunoni mwa mama. Kumshika mkono tu hakumzuii kwenda chali, kutakuangusheni wote wawili. Mkongojo haufai, na fremu nyepesi ya kunyanyua ni mbaya zaidi, kwa sababu akiinyanyua anakwenda nayo nyuma. Ombeni fremu nzito ya magurudumu yenye breki, ichaguliwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Mazulia madogo yatoke. Kila ukingo wa ngazi ubandikwe utepe wa rangi kali, na asishuke peke yake. Na kwa kuwa kumkataza hakufanyi kazi, weka kengele ya shinikizo chini ya mto wa kiti na wa kitanda, ile inayolia uzito ukiondoka. Wengi huinuka kwa sababu ya haja ndogo. Mpeleke chooni kila saa 2 kabla hajahitaji, na utaona kengele inalia mara chache.

Kula ndiko tunakotaka uangalie kwa karibu kuliko yote, kwa kuwa nimonia ya chakula kilichoingia mapafuni ndiyo inayoua wengi wenye ugonjwa huu. Sahani iinuliwe juu ya kibao mpaka iingie kwenye macho yake. Usimwambie “angalia chini”. Aketi wima kabisa. Shingo ya PSP hupenda kurudi nyuma, na shingo ikirudi nyuma njia ya hewa inakuwa wazi, kwa hiyo kidevu kishuke kidogo kuelekea kifuani kila anapomeza, kama mtaalamu wa tiba ya usemi na kumeza ataona kunamsaidia. Kijiko cha chai, si cha mezani. Ameze, ameze tena, ndipo kijiko kingine. Kikombe kiwe kimekatwa upande wa pua ili asilazimike kuinua kichwa. Maji matupu hupalia kuliko uji; mtaalamu atasema yafanywe mazito kiasi gani. Baada ya kula akae wima dakika 30. Sauti inayolia kama ina maji baada ya kumeza, homa zinazojirudia, mlo mmoja kuzidi dakika 40, au uzito kushuka mwezi hadi mwezi, ni sababu ya kuomba eksirei ya video akimeza. Kutopaliwa si uthibitisho wa usalama; wengine chakula kinaingia kimyakimya bila kikohozi.

Kuhusu urithi: karibu wagonjwa wote ni wa kwanza na wa mwisho katika ukoo wao. Kuna aina ya kawaida ya jeni ya tau inayoongeza uwezekano, lakini watu wengi wanayo na hawaugui kamwe. Hakuna sababu ya ninyi watoto kupimwa.

Umeuliza kila kitu isipokuwa muda, nasi tusingependa uusikie kwa mtu wa kupita. Kwa aina hii yenye kuanguka mapema, wengi huishi kati ya miaka 5 na 9 tangu dalili ya kwanza, wengine zaidi. Sauti huondoka mapema kuliko akili. Siku moja mtaulizwa kama apitishiwe mrija wa kulishia kwenye ngozi ya tumbo, na anayepaswa kujibu ni yeye. Muulizeni sasa, wewe na kaka yako mkiwa mmeketi mbele yake kwa usawa wa macho yake, swali moja kwa wakati. Kisha nyamaza na uhesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kurudia, maana jibu lipo, linachukua muda kufika mdomoni. Kubalianeni pia alama: kidole gumba juu ni ndiyo, ngumi ni hapana. Aizoee angali anaongea.